Vipande Sita Kando ya Mkaa

Udongo wa chini haunuki kama udongo wa juu. Wa juu, pale kwetu Mamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ulinuka majani ya migomba yaliyooza, samadi na moshi wa kuni. Wa chini, baba alipoufikia kwa sururu ule mwezi wa saba wa mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, ulinuka ubaridi, kama ndani ya mtungi uliokaa muda mrefu bila maji. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka tena, na baba, kama wanaume wengi wa miaka ile ya tisini, alikuwa ameng'oa mistari miwili ya mibuni ili ajenge banda la saruji la ng'ombe wa maziwa. Shimo la samadi lilipofika usawa wa kiuno chake, sururu ikagonga kitu kilicholia kama sahani. Akainama, akatoa kipande cha chungu chenye michoro ya mistari iliyopishana. Chini yake palikuwa na mkaa, vipande vingine vingi, na mabonge meusi yenye matundu, mazito kuliko jiwe la ukubwa ule.

Babu aliitwa. Alilipima bonge moja kiganjani, akasema ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki mtu anapoyeyusha chuma. Kisha akavua kofia. Katika ukoo wetu ilisimuliwa kwamba babu yetu mkuu alipofika hapa alikuta msitu mtupu, na moto wa kwanza kuwaka kwenye mteremko ule ulikuwa wa kalibu yake, tanuru la kuyeyushia chuma. Kila Krismasi, wote tuliporudi nyumbani, babu alisimama akalirudia simulizi hilo, na kila mwaka alimalizia kwa kututazama mmoja mmoja, kana kwamba kuna atakayebisha. "Huu ndio moto wake," alisema siku ile ukingoni mwa shimo. "Mmeona? Huu hapa."

Mwalimu mmoja jirani aliandika barua chuo kikuu, na kabla mwezi haujaisha wakaja wanafunzi watatu wakiongozwa na mwanamke aliyevaa suruali na viatu vya jeshi, Dokta Rehema. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamke anayewaamuru wanaume wachimbe taratibu. Waliacha sururu za baba, wakachukua miiko ya fundi mwashi na brashi za rangi. Walichunga udongo kama bibi anavyochunga unga wa ulezi, wakatia mkaa kwenye karatasi ya alumini bila kuugusa kwa vidole. Nilikaa ukingoni tangu asubuhi hadi jioni. Dokta Rehema hakunifukuza. Alinieleza kwamba mkaa unaweza kusema mti ulikatwa lini, na kwamba udongo wa chungu unaweza kusema ulichimbwa mlima gani. Nilidhani ananitania kwa sababu mimi ni mtoto.

Siku moja kabla ya mwisho aliniuliza, "Ndeshi, hapa kwenu hakuna chungu kizima cha zamani? Ningependa kulinganisha michoro."

Kilikuwepo. Kilikuwa nyungu ya bibi, aliyoachiwa na mama yake, yenye tumbo pana na shingo iliyochorwa mistari. Ilikaa darini juu ya jiko, nyeusi kwa masizi, ikishushwa kwa shughuli kubwa tu, kuchemshia ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Mara ya mwisho ilikuwa Pasaka. Bibi alikuwa amekwenda sokoni, na nilijua akiwepo hatakubali itoke. Nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha, nikaikumbatia kifuani. Nilitaka nimwone Dokta Rehema akifungua mdomo kwa mshangao, na wanafunzi wake wakiniita kwa jina. Penye mfereji wa maji niliruka kama nilivyoruka kila siku, lakini kila siku sikuwa na nyungu mikononi. Mguu uliteleza kwenye jiwe lenye ukoga. Ilipasuka bila kelele kubwa, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, jinsi kitu kikubwa namna ile kilivyokufa kwa sauti ndogo.

Watafiti walikuwa wamekwenda kula. Nikavibeba vipande kwenye gauni. Vikubwa nilivizika chini ya migomba. Sita vidogo vyenye michoro, sijui ni akili gani ilinituma, nilishuka navyo shimoni, nikavisukuma kimoja kimoja kwenye ukuta wa chini kabisa, kando ya mkaa, nikashindilia udongo kwa viganja. Nilifikiri kipande kati ya vipande hakiwezi kujulikana. Kesho yake mvua ya ghafla ilitishia kuubomoa ukuta, wanafunzi wakakusanya mbiombio kilichobaki, na nikaviona vyangu vikiandikwa namba na kutiwa mfukoni pamoja na vingine. Gari likaondoka. Nilijiona nimeokoka.

Bibi aligundua baada ya siku nne. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda kilekile akitazama darini. Babu ndiye aliyewaita wote, na macho yote yakamwendea mtu mmoja kabla hajatamka neno. Mama mdogo Nakiete, mke wa baba mdogo Elia, alikuwa Mpare wa Ugweno, ng'ambo ya tambarare, na mpaka mwaka wake wa tatu pale babu alimwita mtu wa kuja. Wakati huo kulikuwa na mwanamume aliyepita vijijini akinunua vigoda vya zamani, mikuki na vyungu, akauze kwenye maduka ya watalii mjini Moshi. Nakiete alikuwa ameonekana akiongea naye barabarani.

"Aliniuliza njia," Nakiete alisema.

"Njia ya darini kwa mke wangu?" babu akauliza.

Baba mdogo Elia alitazama miguu yake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilisubiri mtu aniulize. Nilijiapia kwamba nikiulizwa tu, nitasema. Hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa katika nyumba ile mtoto hakuwa mtu wa kuulizwa. Babu akahukumu: arudi kwao akaitafute nyungu, na akiipata ndipo arejee.

Aliondoka kesho yake asubuhi, mtoto mgongoni na begi moja la mitumba mkononi. Nilimkuta penye njia ya kuteremkia barabarani. Alisimama, akanitazama. "Kuku wangu mweupe anaatamia nyuma ya stoo," aliniambia. "Mayai kumi. Usimsahau maji." Nikaitikia kwa kichwa. Vifaranga tisa walianguliwa, nikawatunza kama yatima, na kila nilipowamwagia pumba niliona aibu iliyonifanya nishindwe kula.

Ilipita miezi kumi na sita. Inashangaza jinsi mtoto anavyoweza kuishi na jambo. Nilikwenda shule, niliimba kwaya kanisani, nilicheka. Nyungu haikutajwa tena, wala Nakiete. Baba mdogo akawa mtu wa kunyamaza, na jioni alipenda kukaa upande wa nyumba unaotazama milima ya Upare.

Kisha, siku mbili baada ya Krismasi, ukoo mzima ukiwa nyumbani, Dokta Rehema akaja. Babu alifurahi mno. Aliweka viti uani, akawakalisha wazee wa majirani mbele, akamwambia, "Haya, mwanangu, waambie moto wa babu yetu una umri gani."

Dokta Rehema aliamkia wazee, shikamoo moja baada ya nyingine, kisha akafungua sanduku. Alisema mkaa umepimwa kwenye maabara ya ng'ambo. Mti ukiwa hai, alieleza, hubeba ndani yake kitu kinachoanza kupungua siku unapokufa, na kinapungua kwa mwendo ule ule, hivyo kilichobaki kinahesabika. Akasita, akimtazama babu. "Mzee wangu, tuseme babu yenu mkuu alifika hapa jana. Huyu aliyewasha moto huu aliuwasha mwezi uliopita."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. "Unasema palikuwa na watu?" babu aliuliza.

"Palikuwa na watu. Na vyungu vyao havikufinyangwa kwa udongo wa hapa. Tumekata vipande vikawa vyembamba mpaka mwanga unapita, tukavitazama kwa hadubini. Udongo wa mlima huu umetokana na volkano. Huu una chembe zinazometameta za miamba ya zamani sana. Unafanana na wa Upare. Na chuma pia, inaelekea kiliyeyushwa kutoka mchanga mweusi wa huko huko."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu isipokuwa ule wa babu siku ile. Mkono wake ulitafuta fimbo na haukuipata, ingawa ilikuwa imeegemea goti lake. Maisha yake yote alikuwa amesimama juu ya ardhi hii kama mtu wa kwanza, na sasa mwanamke wa suruali alikuwa amemwambia, kwa adabu, kwamba watu wa kuja ni sisi.

Lakini Dokta Rehema hakuwa amemaliza. "Kuna jambo moja la ajabu," alisema. "Vipande sita vilikaribia kutuharibia kazi yote. Vilitoka chini kabisa, kando ya mkaa, kwa hiyo tulivitegemea kuliko vingine. Udongo uliochomwa una saa ndani yake. Ukipata moto mkali, saa inaanza upya. Saa ya vingine imetembea karne nyingi. Saa ya hivi sita haijaanza hata kutembea. Chungu hiki kilikuwa motoni miezi michache tu kabla sisi hatujachimba. Kingo zake zilikuwa mpya, na ndani kuna masalia ya ndizi zilizochemshwa." Akavipanga mezani. "Nilitaka kuuliza kama kuna anayekijua."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna macho ya namna hiyo duniani, macho yanayoweza kukiuliza kigae na kigae kikajibu. Bibi aliinuka polepole, akaenda mezani, akaokota kipande kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye michoro. Hakuhitaji hadubini.

"Hii ni shingo ya nyungu ya mama yangu," alisema. Kisha akauliza, si kwa sauti kubwa, "Nani alikuwa anashinda kwenye lile shimo?"

Sasa nilikuwa nimeulizwa. Nikasema. Nilisema yote, kuanzia kigoda mpaka mfereji, nikilia hivi kwamba ilibidi baba ayarudie maneno yangu kwa wazee. Nilisubiri fimbo. Hakuna aliyenigusa. Wote walikuwa wamegeuka kumtazama baba mdogo Elia, aliyekuwa amesimama wima. "Mtoto wangu ameanza kutembea," alisema, "sikumwona." Akaingia ndani kwake, tukasikia kabati likifunguliwa.

Baada ya Mwaka Mpya tulikwenda Ugweno: babu, baba, baba mdogo, mimi na mbuzi. Babu aliniamuru nibebe jani la isale, ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukataa kukusikiliza. Tulimkuta Nakiete nyumbani kwa mama yake, mbele ya cherehani. Nikampigia magoti, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, nikasubiri.

Hakulipokea. "Kwetu jani hili halisemi kitu," alisema. "Sema mwenyewe."

Nikasema. Aliposikia mpaka mwisho aliniinua, akanifuta pua kwa kitenge chake. "Nilijua," alisema. "Siku ile ulirudi na udongo wa shimoni mpaka kwenye viwiko, na ulikuwa hunitazami."

"Kwa nini hukusema?" babu aliuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimuuliza swali huku akitaka jibu.

"Ningesema nani angeniamini, baba? Mtoto angekataa, na mimi ningekuwa mwizi na mwongo. Nilichagua kimoja."

Babu aliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kichagga, kana kwamba lugha moja haikutosha. Nakiete alimsamehe, akampikia, akampa kuku wa kurudi naye. Lakini kurudi hakurudi. Baba mdogo ndiye aliyemfuata, wakajenga kule kule, na sehemu yake ya kihamba, shamba la ukoo, ikabaki na migomba isiyo na mtu wa kuipunguzia machipukizi. Krismasi iliyofuata babu alisimama kama kawaida kusimulia habari za babu mkuu. Alifika penye msitu mtupu, akanyamaza, akakaa chini. Hakuzisimulia tena mpaka tulipomzika.

Sasa naishi Moshi mjini, ni karani wa shule, na nina binti wa miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita nilikuwa napika aliponijia akiwa ameshika kompyuta ndogo ya kazini kwangu, kioo kimepasuka kutoka pembe moja hadi nyingine. "Mama, nimeivunja," alisema. Hakuwa na machozi, wala hakutazama chini. Nilishtuka, na si kwa sababu ya kioo. Nilisimama na mwiko mkononi nikilirudia kichwani neno lake, jinsi lilivyo fupi. Mimi lilinichukua miezi kumi na sita, maabara za ng'ambo na ndoa ya watu. Nilimuuliza kama amejikata. Akasema hapana, akauliza kama nimekasirika, nami nikamwambia ndiyo, nimekasirika, akae tule.