Stendi Kubwa Niliyoitoa kwa Mkono Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliangukiwa na pikipiki. Ilikuwa Maganzo, kwenye karakana ya mabati kando ya barabara kuu, ambako madalali wa almasi walileta pikipiki zao zikiwa nyekundu kwa vumbi. Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, hakuniuliza jina wala cheti. Alinyooshea kidole pikipiki ya mteja akasema, "Ipandishe kwenye stendi kubwa." Nikaivuta kwa mikono kwa nguvu zangu zote za ujana. Ikayumba, ikanilalia mguuni, na eksozi ilikuwa ya moto. Kovu ninalo mpaka leo.

"Unaivuta kama mbuzi aliyegoma," Fundi Mkuu alisema, huku karakana nzima ikicheka. "Stendi kubwa haitaki mikono, inataka uzito wa mwili. Kanyaga!"

Ninyi vijana wa siku hizi mnanunua pikipiki nyingine hazina kabisa kitu hicho, kwa hiyo nieleze. Stendi ndogo ni ule mguu mmoja wa kushoto. Pikipiki inauegemea ikiwa imelala upande kidogo, magurudumu yote mawili yakiwa chini. Stendi kubwa ina miguu miwili, inakaa tumboni chini ya injini. Unaishusha mpaka miguu yote miwili iguse ardhi, kisha unasimama kwa uzito wako wote juu ya kile kipande kinachochomoza pembeni, na pikipiki inajiinua yenyewe. Gurudumu la nyuma linabaki hewani. Hapo unakaza cheni, unapaka grisi, unafungua tairi, bila kumwomba mtu akushikie. Inafungwa kwenye fremu kwa bolti mbili nene, na kinachoirudisha juu wakati wa safari ni springi.

Toka siku ile niliziogopa pikipiki, nami sioni haya kusema. Wenzangu walikaza nati mara moja, mimi nilirudia mara tatu, kwa sababu usiku nilikuwa naota gurudumu limechomoka. Wateja walinipenda kwa hilo wakidhani ni bidii. Fundi Mkuu peke yake ndiye aliyejua. "Wewe ni mwoga," aliniambia siku niliyoaga. "Ukiutumia woga wako kukagua, utakuwa fundi. Ukiutumia kujificha, utaua mtu." Nilicheka. Nilidhani ananitania kama kawaida yake.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kahama, mtaa wa Nyasubi, kwenye kampuni iliyosambaza vifurushi na vipuri hadi huko kwenye machimbo. Tulikuwa na pikipiki zaidi ya ishirini, zote za aina moja. Bosi wangu alikuwa Meneja wa Usafiri, mtu mtaratibu, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni. Hakuwahi kunipandishia sauti, na ndiyo maana nilimwogopa zaidi.

Siku moja dereva wetu mmoja alianguka kwenye kona, njia ya kwenda Bugarama. Springi ya stendi kubwa ilikuwa imechoka. Alipopita kwenye korongo la barabarani stendi ikashuka, ikachimba ardhini wakati pikipiki imelala kwenye kona, ikamrusha. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Wiki moja kabla ya hapo pikipiki hiyo ilikuwa mikononi mwangu. Niliiona ile springi imeliwa na kutu, nikajiambia itafika matengenezo yajayo. Hakuna aliyenishtaki. Lakini kila nilipomwona yule dereva na magongo yake, nilijiinamia kwenye injini yoyote iliyokuwa karibu.

Meneja wa Usafiri akaniita ofisini.

"Fundi, hizi stendi kubwa zina kazi gani kwetu?"

"Za matengenezo, bosi. Na za kuegeshea pikipiki ikiwa na mzigo."

"Matengenezo tunafanyia wapi?"

"Hapa hapa karakana."

"Basi kama kuna pikipiki isiyoihitaji, usiiache ikatembee nayo barabarani. Ila sikulazimishi kutoa zote. Wewe ndiye fundi. Kagua moja moja, uamue, uweke saini."

Moja moja, ndivyo alivyosema. Kazi hiyo ilitaka siku kadhaa za kuuliza: hii inapita njia gani, inabeba kilo ngapi, inaegeshwa kwenye lami au kwenye udongo wa mbuga, dereva wake akipata pancha porini atafanyaje? Kwa baadhi dawa ilikuwa springi mpya tu. Mimi sikuuliza hata swali moja. Nilichukua spana nikazitoa zote kwa siku mbili, nzima na mbovu, na matundu ya bolti nikayapaka rangi nyekundu yasishike kutu. Dereva mmoja wa mizigo alinifuata akinisihi. "Fundi, mimi niachie yangu. Huko ninakokwenda udongo ni mweusi, stendi ndogo inazama, pikipiki inalala na mzigo wake." Nikamwambia ni amri ya ofisi, na huo ulikuwa uongo. Ukweli ni kwamba niliogopa mguu mwingine usije ukavunjika ukiwa na saini yangu. Stendi ikishatolewa haiwezi kushuka, hivyo ndivyo nilivyojiliwaza, na nililala vizuri.

Miaka ilipita, kampuni ikapungua nguvu, pikipiki zikauzwa, nasi tukatawanyika. Nikapata kazi kwenye kikundi cha wachimbaji wadogo upande wa Bugarama. Mkubwa wetu alikuwa Mwenyekiti wa kikundi, Msukuma mnene mwenye kofia ya pama, ambaye kila asubuhi alitusalimu "Mwangaluka!" kwa namna ya kukuamsha hata kama ulikwisha kuamka. Nikamwombea kazi huko shemeji yangu Shija, mdogo wa mwisho wa mke wangu. Siku tunaondoka, Mama Kulwa, mke wangu huyo, alinishika mkono mlangoni. "Baba Kulwa, mama yetu hana mtoto mwingine wa kiume. Umemchukua wewe, utamrudisha wewe." Alisema akitabasamu, lakini mkono hakuuachia upesi.

Duara letu, yaani shimo la kushukia, lilikwenda chini wima, kisha likageuka kuwa njia ya kulala inayofuata mwamba. Kule ndani hewa haifiki yenyewe. Wenye uwezo wana jenereta. Sisi tulikuwa na pikipiki. Tuliipandisha kwenye stendi kubwa, tukatoa tairi la nyuma, tukazungusha mkanda kwenye rimu, na mkanda ukaendesha feni iliyosukuma hewa chini kwa bomba refu la nailoni. Kikundi kilikuwa na desturi yake. Kabla mtu hajashuka, fundi anaisukuma pikipiki kwa bega mara tatu. Isipotikisika anasema, "Imesimama." Bila neno hilo hakuna anayeshika kamba. Nililisema kila siku, baada ya kusukuma mara ya nne.

Siku yenyewe ilikuwa karibu saa tano asubuhi, jua kali. Wanne walikuwa chini, Shija akiwa wa ndani kabisa. Injini ikapiga mlio mmoja mkavu ikajamu, feni ikalala kimya. Bomba la nailoni lililokuwa limejaa likaanza kusinyaa, likalala chini kama ngozi ya nyoka.

"Leta yangu!" Mwenyekiti alipiga kelele. Alikuwa na pikipiki yake aliyoinunua Kahama mkono wa pili, aina ile ile. Tukaikimbiza mpaka kwenye feni. Nikapeleka mguu chini kuitafuta stendi kubwa niikanyage, mguu ukapita hewani. Nikainama. Niliona matundu mawili ya bolti, yamepakwa rangi nyekundu.

Mwenyekiti aliniuliza, "Fundi, vipi?" nami nikakimbilia spana.

Mtasema tungehamisha stendi kutoka kwenye ile iliyokufa. Nilijaribu. Bolti zake zilikuwa zimeshikwa na kutu na tope, spana ikateleza mara mbili ikanichuna vidole. Tukaipandisha ile ya Mwenyekiti juu ya mawe, tukatoa tairi lake la nyuma, tukavisha mkanda, tukaiwasha. Mtikisiko ukayasogeza, ikateremka, mkanda ukachomoka. Mtu mmoja akasema tuining'inize kwenye miti ya winchi. Winchi ile ile ndiyo iliyokuwa ya kuwapandishia watu. Tungewapa hewa tukawanyima kamba.

"Tunaishika kwa mikono," nikasema.

Mmoja akabana breki ya mbele. Mimi na Mwenyekiti tukainua nyuma kwa keria, yeye kulia mimi kushoto, rimu tupu ikizunguka vidole vinne kutoka pajani kwangu. Feni ikaanza kunguruma. Bomba likajaa nusu. Kila mikono ilipolegea mkanda ulilegea nao, na bomba likaanza tena kusinyaa mbele ya macho yangu. Kamba ikatikiswa kutoka chini, wa winchi wakavuta. Akatoka wa kwanza akikohoa. Akatoka wa pili. Wa tatu alipotoka alilala kifudifudi akasema, "Shija amekaa chini. Namwita haitiki."

Yule wa kwanza, bado anakohoa, akajifunga kamba akarudi chini. Sijawahi kuona ujasiri wa namna ile, wala sijawahi kuogopa vile. Jasho lilinifumba macho. Vidole vilikufa ganzi, nikawa siwezi kujua kama bado nimeshika. Nilimwona Mama Kulwa pale mlangoni, nikaona nitakavyofika nyumbani peke yangu na mfuko wa nguo za ndugu yake. Mwenyekiti alikuwa akininong'oneza kwa Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika, "Yaya, Fundi, hapana. Usiachie. Usiachie." Nililia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu wote.

Shija alipanda amefungwa kifuani kama mzigo, kichwa kimelala, midomo ya rangi ya jivu. Wakamlaza kivulini, wakamfungua shati, wakampepea, na kamba ikarudi chini kumtoa yule aliyemfuata. Mpaka alipokohoa mimi na Mwenyekiti tulikuwa bado tumeshika pikipiki, hakuna aliyekumbuka kutuambia tuiache.

Siku ya tatu zahanati, akiwa ameketi kitandani anakunywa uji, aliniuliza. "Shemeji, wenzangu wananiambia ile pikipiki ilitolewa stendi, matundu yakapakwa na rangi kabisa. Mjinga gani alifanya vile?"

"Sijui, shemeji," nikasema. "Mafundi wa mjini hao."

"Mungu atamlipa," alisema, akaendelea na uji wake.

Nilifanya kazi pale mpaka nguvu ziliponiisha, nikastaafu nikarudi Nyasubi. Vijana wa bodaboda wananifuata barazani kuniuliza kama pikipiki inahitaji stendi kubwa. Mwingine anaona ni uzito wa bure, mwingine inamgonga kwenye mawe njia za Geita. Nawaambia wanioneshe springi kwanza, kisha waniambie wanakopita na wanachobeba. Anayebeba abiria mjini, mwenye karakana jirani, anaweza kuishi bila hiyo. Anayekwenda porini peke yake, anayepakia magunia, anayeegesha kwenye udongo laini, aiache na abadilishe springi mapema. Nikishamaliza namwuliza baada yake itauzwa kwa nani. Wengi wanacheka, wanadhani mzee amechanganyikiwa.

Shija sasa ana watoto watano. Kila wanapokuja kwangu anawasimulia jinsi mume wa shangazi yao alivyoshika pikipiki inayounguruma kwa mikono mitupu mpaka baba yao akapumua. Watoto wananiangalia mikono. Mama Kulwa hunipakulia firigisi siku hizo, hata kama kuna mgeni mkubwa kuliko mimi. Nami nimekula firigisi hizo miaka yote hii nikiwa nimeinamia sahani.

Niliogopa pikipiki, nikaogopa Meneja, nikaogopa lile bomba, lakini hakuna nilichokiogopa kwa muda mrefu kama swali lile la zahanati. Haya nimeyaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, maana macho yangu hayaoni tena maandishi madogo. Anayenisomea barua na magazeti ni Shija, kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili hii akija nitamwita Mama Kulwa akae nasi, kisha nitampa daftari hili asome kwa sauti.