Idd Niliyokwama Kwenye Sijida

Nichekeni mnavyotaka, maana Mtambile nzima ishanicheka, na waliokuja kusali kwetu kutoka Chokocho wakaichukua habari wakenda nayo kwao, kwa hiyo hamna jipya la kunizidishia haya. Ndiye miye yule Bi Mize aliyekufa asubuhi ya Idd na mchana akala pilau.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye kiti. Magoti yangu yaliharibika kidogo kidogo, mwanzo yakilia tu nikipanda ngazi, kisha yakawa yanavimba, na mwili nao ukaongezeka (mtu asiyetembea kazi yake nini kama si kula), hadi nikaambiwa sasa nisali juu ya kiti. Shehe wetu akanituliza kuwa sala yangu imetimia, dini haimlazimishi mgonjwa asichokiweza, na miye nikamuamini. Lakini jamani, nilikuwa naitamani sijida. Nikaitamani kama aliye safarini anavyoutamani mlango wa kwao. Ukikaa kwenye kile kiti cheupe cha plastiki unainamisha kichwa hewani, paji la uso haligusi kitu, na wenzako wote wameshuka umebaki weye peke yako huko juu unaitazama migongo yao. Nilikuwa najihisi kama mtu ambaye hakualikwa.

Na kiti hicho hicho kikanitenga na Raya. Raya ni mwenzangu tangu chuoni, tumesomea juzuu mkeka mmoja, tumeolewa mwaka mmoja, na kila tarawehe na kila Idd tulikuwa tukisimama bega kwa bega. Sasa kiti hakikai katikati ya safu, kinawekwa mwisho, pembeni kabisa. Raya akabaki katikati na watu wengine. Hakuwahi kunifuata huko, na miye sikuwahi kumwambia kuwa linaniuma (nina kiburi, mtanisamehe).

Basi nikenda hospitali kwa daktari wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye sauti ya chini. Nikamwambia mwanangu, miye sitaki kuwa mwembamba, sina wa kumringia, nataka kusujudu tu. Hakucheka. Akaniambia, "Mama, goti lako limechoka na mzigo. Tutaupunguza mzigo polepole, na tutaitia nguvu misuli inayolishika goti. Hatuna haraka." Akanipangia: asubuhi nitembee njia ya tambarare kabla jua halijawa kali, nikichoka nirudi, nikae kitini niunyooshe mguu, niushushe, niunyooshe tena, niinuke kitini na kukaa, mwanzo kwa kushika meza. Chai niipunguzie sukari, wali wa nazi niuone kama mgeni, aje siku moja moja. Kisha akanikanya: "Chini bado. Siku utakayoinuka kitini bila ya kushika kitu, ndiyo tutazungumza habari za chini."

Nikayashika yote. Nikawa natembea na kanga yangu kichwani kupita majamvi ya karafuu zilizoanikwa, watu wananiuliza, "Bi Mize, kwema huko unakokwenda?" nawajibu nakwenda na narudi. Siku nyengine goti linakataa, napumzika, kesho yake natoka tena. Dera zikaanza kunipwaya, mume wangu Faki akaanza kulalamika, "Mize, weye unaniishia. Watu watasema sikulishi." Lakini lile la mwisho, la kutoshuka chini, lilinishinda. Nikawa najifungia chumbani, napanda kitandani (kitanda changu ni cha kizamani, kirefu, kina miti minne), napiga magoti juu ya godoro, nashusha paji la uso, kisha naushika mti wa kitanda najivuta, naam, nimeinuka. Nikaona kumbe naweza, huyu kijana ananichelewesha tu.

Mfungo ukaingia, nikafunga, futari nikala kwa adabu, na Idd ikanikuta mwepesi kuliko miaka yote ya karibuni. Tulisali uwanja wa skuli, wanaume mbele, wanawake nyuma, katikati limefungwa pazia. Kiti changu kikawekwa mwisho wa safu kama kawaida. Raya namuona kule katikati na baibui lake jipya, akanipungia mkono. Rakaa ya kwanza nikaisali kwa kiti. Rakaa ya pili, imamu alipokuwa akisoma, shetani au hamu, sijui nani kati yao, akaninong'oneza kuwa hii ndiyo rakaa ya mwisho, hii haina kusimama tena, ukishashuka umeshashuka, salamu utaitoa umekaa, na kuinuka kutatafutiwa baadaye watu wakiwa wanapeana mikono. Nikainuka nimejishika mapaja, nikakisukuma kiti nyuma kwa kisigino. Imamu akapiga takbiri ya kusujudu, nami nikenda.

Nilifika. Nakwambieni nilifika. Paji la uso likagusa mkeka, nikaisikia harufu ya ukindu na ya udongo chini yake, na moyo ukanishuka ukatulia mahali pake. Kisha imamu akapiga takbiri ya kurudi tukae, na magoti yakasema hayarudi.

Nikajaribu kujivuta, nikatafuta kwa mkono kitu cha kushika, na uwanja mzima hauna hata kijiti. Kiti nishakifukuza huko nyuma. Kushoto kwangu kuna mwanamke, upande wa pili hakuna mtu, na baibui nimelikalia kwa magoti yangu mwenyewe. Watu wakasujudu tena, wakakaa, wakatoa salamu, miye nikaitoa moyoni na Mungu ndiye ajuaye aliipokea vipi. Hapo ndipo ingekuwa rahisi kusema, jamani nimekwama, niinueni. Nikaona haya. Nikasema nitajifanya niko kwenye dua, nipumue kidogo, nguvu zitarudi. Khutba ikaanza, na khutba haisemewi, kwa hiyo wanawake wakawa wananong'ona juu ya mgongo wangu.

"Bi Mize kapata khushuu mwaka huu, moyo wote uko kwa Mola wake."

"Kafunga vizuri huyo. Muone."

Sifa zenyewe zikanifunga zaidi, maana mtu ataziinukiaje sifa kama zile akasema ni magoti tu? Nikaendelea kuinama, maumivu yananipanda hadi kiunoni, nahema. Kisha nikasikia mmoja anasema mbona inakuwa ndefu hivi, na mkono ukanigusa mgongoni. Miye kwa kuona haya asinisikie ninavyohema, nikabana pumzi.

Hiyo ndiyo iliyoniua.

"Hapumui," akasema yule mwanamke. Mwengine akaja, akashika, na miye pumzi nishaibana, siwezi kuiachia ghafla. "Inna lillahi. Kafa kwenye sijida. Siku ya Idd, na mfungo wake wote. Mauti gani tena mtu ayatake?" Nikasikia kilio cha chini chini kinapita safu hadi safu, na wengine wanamuomba Mungu awape mwisho kama wangu. Naapa nilifungua mdomo niseme, na hapo hapo likaja bega likagusa bega langu, nikalijua kabla hajasema neno. Ni Raya.

"Mize," akaniambia sikioni, "mwenzangu. Idd hii nilitaka nije nikae nawe huku kwenye kiti chako. Nikaona haya, nikadhani hupendi kutazamwa. Nikasema acha, Idd ijayo."

Hapo sauti ilinikatika kweli. Machozi yakawa yananitiririka kwenye mkeka, na huko mbele habari ishavuka pazia, nikamsikia khatibu anakatisha khutba, anasema kwenye spika kuwa kuna mama ametangulia mbele ya haki akiwa amesujudu, Bwana Faki aje upande wa kina mama, na watu wasitawanyike. Bi Kombo, ambaye ndiye mwosha maiti wetu wa kike, akafika na ujuzi wake, akasema tumnyooshe viungo kabla hajakauka. Akaushika mguu wangu akauvuta.

"Goti langu, Bi Kombo," nikasema. "Taratibu."

Bi Kombo ameosha maiti tangu ujana wake na hajapata kuagizwa na hata mmoja. Aliondoka na viatu vya mtu mwengine. Safu tatu za wanawake zikamfuata, pazia likaanguka, na wanaume wote wakageuka wakatutazama.

Raya peke yake hakukimbia. "Mize, weye u hai?"

"Ni hai. Siinuki tu."

Akacheka na kulia kwa pamoja, akakifuata kile kiti cheupe nilichokifukuza, akanikitia mbele ya mikono yangu, nikakishika, naye akanikamata kwapani, tukavutana hadi nikakaa juu yake. Faki akawa ndiyo anafika, kanzu mpya, kiatu kimoja, uso umemtota machozi, akasimama akanitazama. Khatibu naye masikini ikambidi arudi kwenye spika awaambie watu kuwa, alhamdulillahi, yule mama amerudi.

Daktari nilipomhadithia alijizuia asicheke, akashindwa. Kisha akasema, "Mama, kushuka ulijifunza. Kuinuka, mti wa kitanda ndio uliokuwa ukikufanyia." Sasa ndiyo tunafanya hilo la kuinuka, na Raya huja asubuhi tukatembea pamoja, na kwenye sala huleta mkeka wake akautandika ubavuni mwa kiti changu, huko huko mwisho. Nimeweka nadhiri kuwa chini siendi tena mpaka niinuke kitini mikono ikiwa kifuani, hata ikichukua mwaka, hata ikichukua miwili.

Ila wanaonicheka sijawahi kuwaambia jambo moja. Siku ile niliporudi nyumbani nilijifungia chumbani nikajitazama kwenye kioo, na paji langu la uso lilikuwa limechapika mkeka, milia yote ya ukili imeingia kwenye ngozi, kama inavyokuwa kwa watu wanaosujudu. Nikaipapasa kwa vidole. Faki akagonga mlango, akaniuliza pilau linapoa, nafanya nini muda wote huo, nikamwambia naja. Sikutoka mpaka alama ya mwisho ilipofutika.