Swichi ya Pili Kutoka Kushoto

Mwezi uliopita kisigino cha kiatu changu kilibanduka pale mtaa wa Sakina, nikaketi kwa fundi viatu wa barabarani nikisubiri. Alipofungua kichupa chake cha supaglu, ile harufu kali ikanichoma pua, na kabla sijafuta machozi nilikuwa nimeshakuwa mtoto wa miaka kumi, nimesimama mlangoni mwa karakana ya baba, nimefura. Nikusimulie kwa nini nilikuwa nimefura, maana hadi leo kuna watu wa nyumbani wanaoijua nusu tu ya habari hii, na nusu yenyewe ni ile inayonipendelea.

Baba yangu alikuwa fundi wa friji na redio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara ya Nairobi, na kila basi lilipopita bisibisi zilitetemeka mezani. Chumba cha pili mama alifuma masweta ya shule kwa mashine, hivyo nyumba nzima ilinuka sufu na risasi ya kulehemu. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Nilikuwa na kiti changu, ndoo ya rangi iliyogeuzwa juu chini, karibu kabisa na goti la baba. Kila Jumamosi nilimshikia skrubu kiganjani, nikamtajia koleo kwa majina, naye akaniita fundi mwenzangu mbele ya wateja. Nilikuwa naridhika kabisa na mpangilio huo, na sikuona sababu ya Mungu kuubadilisha.

Kisha akaja Meshaki.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada yake baba, wa kule Oldonyo Sambu, upande wa mlima wenye vumbi na ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akaletwa kwetu asome shule iliyo karibu. Alifika na begi moja na fimbo, akasema shikamoo kwa kila mtu mpaka kwa kijana wa duka la jirani aliyekuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. Na alikuwa na desturi moja iliyonikera kuliko zote: hakuna kitu alichokiachia kiende kabla hajakipapasa. Kwao, alieleza, mbuzi hawatoki zizini asubuhi mpaka kila mmoja aguswe: kwato, macho, masikio, mgongo. Basi hata baiskeli ya kwendea dukani aliikagua hivyo hivyo, tairi kwa tairi, huku mimi nimeshika hela ya chumvi jua linaniwakia.

Siku moja mezani akatueleza kwamba kwa bibi yetu, ambaye sote tulimwita koko, mtoto akimpiga mbuzi kwa hasira hachapwi. Anakabidhiwa mbuzi huyohuyo amchunge yeye peke yake mwezi mzima.

Mama alicheka. "Sasa hiyo ndiyo adhabu?"

"Siyo adhabu, mama," Meshaki alisema. "Ni ili wajuane."

Mimi niliendelea kula ugali wangu. Nilikuwa nikihesabu mara ngapi baba amemtazama yeye na mara ngapi amenitazama mimi.

Halafu ikaja ndege. Mteja mmoja wa Njiro alikuwa anahama, na baba alipokwenda kumtengenezea friji, alipewa boksi lenye ndege ya kuchezea ya dukani, ya kuendeshwa kwa rimoti. Mwanawe aliibamiza ukutani siku ya kwanza. Mwili wake ulikuwa makombo, lakini mota ilikuwa nzima, vile vimota viwili vidogo vya kugeuza mkia vilikuwa vizima, na rimoti pia. Baba alifungua boksi lile karakanani, macho yakamng'aa kama ya mtoto, akaita kwa sauti, "Ero, njoo uone!"

Ero, kwa lugha yetu, ni neno la kumwita mvulana, si msichana. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Wakaanza kujenga mwili mpya, na kwa kuwa hatukuwa watu wa kuagiza vitu ng'ambo, ulijengwa kwa kilichokuwepo. Mabawa yalikatwa kwa wembe kutoka kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja limezungushiwa friji mpya. Ndani ya bawa wakapitisha vijiti vya mishkaki ili lisipinde. Spoku za baiskeli zikawa nyaya za kuvutia mkia. Betri baba aliziunga kutoka kwenye kompyuta iliyokufa, akatuonya tusiziguse. Kila kitu kilifungwa kwa selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, na jioni mjomba na mpwa wake waliinamia simu ya baba ya kupangusa kutazama watu wa nchi nyingine wanavyorusha ndege zao. Vichwa viwili, simu moja. Cha tatu hakikuenea.

Furaha yangu ya kwanza katika mradi ule ilitokana na supaglu. Meshaki aliunganisha bawa kwa supaglu, na dakika hiyohiyo povu likaanza kuyeyuka, likaingia ndani kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Bawa la siku tatu likawa tundu. Harufu ikajaa chumba kizima. Nilisogea mlangoni nisikie baba akimfokea, kama alivyonifokea mimi siku niliyounguza redio ya mchungaji. Baba alitazama tundu, akamtazama Meshaki, akacheka mpaka ikabidi aketi. Aliketi juu ya ndoo yangu. "Sasa tumejua," akasema, "tutatumia gundi nyeupe ya mafundi seremala." Nilikwenda uani nikalia nyuma ya tangi la maji, na nilipoulizwa nikasema moshi.

Sikutaka ndege ile. Hilo ndilo jambo ambalo mama hakulielewa aliponiambia niwaombe wanifundishe na mimi. Nilitaka goti la baba na ndoo yangu. Ndege ningeweza kuichoma moto.

Waliijaribu kwanza bila mota, kwenye uwanja wa shule, alfajiri, kabla upepo wa mlimani haujashuka. Meshaki aliirusha kwa mkono kama anavyorusha fimbo, ikainua pua juu na kuanguka. Wakafunga nati puani, ikateleza vizuri kidogo. Nati ya pili, ikaenda moja kwa moja hadi golini. Mimi kazi yangu ilikuwa kuikimbilia na kuirudisha. Niliirudisha nimenuna, na kila mara Meshaki alisema asante, jambo lililonifanya ninune zaidi.

Baba alitufundisha rimoti sote wawili, ndege ikiwa mezani. Fimbo ya rimoti ukiivuta kwako mkia unainuka na ndege inapanda. Ukiisukuma mbele inashuka. Akageuza rimoti. Chini kulikuwa na swichi nne ndogo kama punje za mchele. "Hii ya pili kutoka kushoto ni ya mkia. Ikisogezwa, kila kitu kinakuwa kinyume. Unavuta ipande, yenyewe inashuka. Msije mkaigusa."

Asingeisema tu.

Ikapangwa kwamba Jumamosi twende Oldonyo Sambu, kwenye uwanda mpana baada ya mavuno, na Meshaki airushe ndege mbele ya koko. Baba alisema hivyo mezani kwa sauti ya kujivunia, ile sauti yangu. Ijumaa saa kumi, baba yuko kwa mteja, Meshaki amekwenda kuchota maji, mama mashine inamwimbia, niliingia karakanani na kusogeza swichi ya pili kutoka kushoto kwa ukucha wa kidole gumba. Ilisema tiki. Niliiona tayari ndege imechomeka ardhini, Meshaki ameinamisha kichwa, na baba ananigeukia kusema, fundi mwenzangu, wewe ungeiweza.

Tulikwenda kwa kirikuu cha baba, kile kigari chake kidogo cha mizigo, ndege ikiwa imelazwa nyuma juu ya blanketi kama mgonjwa. Koko alitupokea, tukamwinamishia vichwa akatugusa utosini. Alipoonyeshwa ndege aliizunguka mara mbili, kisha akaitemea mate kidogo, kama wanavyobarikiwa ndama na watoto wachanga. Ndugu za baba waliokuwepo wakacheka. "Hata bawa la kuku ni zuri kuliko hili," koko alisema, "lakini tuone." Akaletewa kigoda, akajitanda shuka, akakaa kutazama. Majirani wakasogea.

Meshaki akachukua ndege na rimoti, akaenda pembeni, akachuchumaa ametupa mgongo. Ndipo nilipokumbuka mbuzi. Nilimwona kiwiko kikicheza: pua, bawa, bawa, mkia. Kisha kiwiko kikasimama. Kilisimama muda mrefu. Nilimtazama baba, ambaye alikuwa anamweleza koko habari za nati mbili kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ndege ikianguka, uso ule ndio utakaoanguka nayo. Nilitaka kusema.

Meshaki aliinuka, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mjomba," akasema, "Naserian ndiye aanze."

"Na wewe?" baba aliuliza.

"Mimi nitairusha kwa mkono. Yeye ashike rimoti."

Baba alinitazama, na nilikuwa nimesahau jinsi anavyotazama anapofurahi kwa ajili yangu. "Haya, fundi mwenzangu," akasema. Wiki sita nilikuwa nimelisubiri neno hilo, na lilikuja wakati nimeshika rimoti niliyoiharibu mwenyewe.

Nilifikiri haraka, na nilijiona mwerevu. Hajagundua, nikajiambia, au amegundua na anataka niaibike mimi badala yake. Vyovyote vile, mimi najua siri. Mkia umegeuzwa, basi badala ya kuvuta nitasukuma, na ndege itapanda, na wote watasema Naserian ndiye anayeiweza. Nilikaribia kutabasamu.

Mota ikalia kama nyuki kwenye chupa. Meshaki alikimbia hatua tano na kuiachia kwa mkono wake wa fimbo, vizuri sana, sawasawa. Nami nikasukuma.

Ilikwenda ardhini kwa nguvu zake zote. Pua ilipasuka, bawa likakatika pale pale penye gundi, nati moja ikaruka na kumpita jogoo. Kisha koko akauliza, "Imekwisha?"

"Ulisukuma kwa nini?" baba aliniuliza, bila hasira, kwa mshangao tu. "Si tumefundishana kuvuta?"

Niligeuza rimoti. Swichi zote nne zilikuwa zimepangana mstari mmoja, ile ya pili imerudishwa.

"Ni upepo, mjomba," Meshaki alisema, akiokota vipande na kuvipangusa vumbi kimoja kimoja. "Uliipiga kwa juu."

Hakukuwa na upepo. Moshi wa jikoni kwa koko ulikuwa umenyooka kama kamba.

Gundi nyeupe inataka siku nzima kukauka, hivyo siku ile haikuruka tena. Iliruka wiki mbili baadaye, uwanja wa shule, Meshaki ameshika rimoti, ikazunguka goli zote mbili na kushuka kwenye nyasi. Koko hakuiona. Tulisema tutarudi naye aione, na mvua za mwaka huo hazijakatika, tukamzika.

Kwa muda mrefu niliamini Meshaki alinitegea. Nilimchukia mwaka mzima kwa bidii, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kujichukia. Chuki ikachoka yenyewe. Tukawa ndugu, tukakua. Leo ni fundi wa pampu za maji, anakaa Kimandolu, na bado anaipapasa gari yake asubuhi kabla ya kuiwasha. Hatukuwahi kulizungumza. Lakini ile harufu ya supaglu haikuniacha, na kiatu kilipopona nilikwenda kwake moja kwa moja.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakuuliza alijua nini. "Nilivuta, mkia ukaenda chini. Nikajua ni wewe."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Angekutoa karakanani." Akakuna kidevu. "Nikaona heri ukabidhiwe wewe. Mjuane."

Yeye akaanza kutabasamu, kwa aibu kidogo.

"Ila nikuambie ukweli, Naserian. Mimi siyo malaika. Nilikaa pale nikawaza niiache vilevile ulivyoigeuza, nikupe hivyohivyo, uanguke nayo mbele ya koko. Niliwaza sana. Halafu nikaona hapana. Nikairudisha."

Aliendelea kunimiminia chai, wala hakuona nilivyoganda. Nilikuwa napiga hesabu. Angelipiza kisasi, angeiacha swichi nilipoiweka, mimi nikasukuma, ndege ingepanda. Ingepanda juu ya vichwa vya ndugu za baba, juu ya moshi ulionyooka, na koko angeiona.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubaya wa kila namna siku ile. Hakikunipitia akilini kitu kimoja tu, kwamba mtu anaweza kujua nilichomfanyia, halafu akairudisha swichi mahali pake.