Nyanya wa Makongeni kwenye Skrini

Mjukuu wangu, ambaye ninakaa naye hapa Umoja, alileta kompyuta kuukuu iliyokuwa ikikwama kila akiiwasha. Akasema anafuta mfumo wa zamani unaoiendesha na kuiwekea mwingine, Linux, kwa sababu ni mwepesi. Nikamwambia, "Kabla hujafuta kitu, weka picha zako mahali salama." Akazihamishia kwenye flashi, akaweka hiyo Linux, na kweli mashine ikawaka haraka.

Kisha akaanza kuipamba. Akakuza maandishi, akachagua rangi ya kijani, mwisho akatafuta picha ya kujaza skrini. Ikatokea sura ya nyanya yake wa Makongeni, mama wa baba yake, anacheka meno yote nje.

Moyo ulinichoma. Huyo, mjukuu humwona Krismasi tu, na uji wa kila asubuhi anakunywa kwangu.

"Na mimi niko wapi?"

"Shosh, si wewe hukataa kupigwa picha?"

"Leo sijakataa. Toa huyo."

Nikafunga kitambaa cha kanisani, nikakaa wima.

"Cheka kidogo basi, shosh."

"Piga hivyo hivyo."

Sasa kila akiwasha hiyo mashine anaanza na mimi, nimenuna, na sitaki ibadilishwe.