Gesi Iliyoitwa Mgeni

Binti yangu akiwa na mtihani, nyumba yetu yote hapa Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, inasoma naye, tutake tusitake. Safari hii ilikuwa kemia. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, yeye mezani ananisomea kwa Kiswidi habari za gesi ya zenoni. Wanasayansi wawili huko London waliipoza hewa kwa baridi kali hata ikawa kimiminika, kisha wakaiacha ichemke polepole, gesi moja baada ya nyingine ikatoka. Katika mabaki wakakuta gesi isiyojulikana na mtu, inayong'aa buluu ndani ya bomba la kioo. Wakaipa jina la Kigiriki.

"Det betyder främling, mamma," akasema. Maana yake mgeni.

Nikaweka mwiko chini. "Basi ni mwenzako huyo," nikamwambia.

Katika ukoo wetu, kule kwetu Uvira, mtoto mchanga huitwa mgeni tu, mpaka nyanya yake amshike mikononi, amtazame usoni, ndipo ampe jina. Binti yangu alizaliwa hapa Stockholm. Jina lililo kwenye pasipoti tulilichagua haraka mimi na baba yake, maana karatasi za Waswidi hazingoji nyanya. Mama yangu hajalitamka hata siku moja. Akipiga simu huuliza, "Mugeni wangu anaendelea aje?" Msichana ana miaka kumi na sita, amenipita urefu, na bado ni mgeni. Kila mwaka tunapanga safari, na kila mwaka vita vinatutangulia. Nina hamu na mama yangu.

Jioni hiyo binti yangu, anayenijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kula, alimpigia nyanya yake simu mwenyewe.

"Koko, ni miye, mugeni yako. Jina yangu ni nani?"

Mama alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu. "Iko. Ninaichunga. Lakini jina haipiti mu simu. Kuya huku nikushike kwanza."

Binti akaridhika, akanipa simu, akarudi kwenye kitabu chake. Nilitaka kumwomba mama anitajie mimi peke yangu hilo jina, lisije likapotea. Nikashindwa. Ningeombaje bila kumwambia kwamba naogopa hatutamkuta?

Nikamuuliza kama mvua imenyesha.