Bonde Ambalo Hatukulipima

Nakumbuka siku niliyokataa kuchora bonde, mwanangu. Nilikuwa bado msichana, mchora ramani katika kampuni ndogo hapa mjini Saint Paul, ughaibuni. Kiangazi kile tulitumwa nyika ya Aktiki, kaskazini kabisa, kupima milima na mabonde kwa ajili ya marubani. Kule hakuna barabara wala mti. Usipopelekwa na helikopta, hufiki. Tulipima kote ila bonde moja, maana ukungu ulilikalia tangu tulipofika mpaka tulipokunja mahema.

Tuliporudi, mkuu wetu, Bwana Dale, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Jaza hapo. Mabonde yote ya jirani yana sakafu tambarare, na hilo litakuwa hivyo hivyo."

"Hatukulipima."

"Mteja hanunui ramani yenye tundu."

"Basi mtafute wa kulijaza. Jina langu litoe."

Akampata. Mkataba wangu ulipoisha, haukurefushwa.

Nilikuwa nakaa kwa mjomba, kitongoji cha Brooklyn Park. Alinipenda, lakini nchi hii ilikuwa imemzoesha kuinamisha kichwa. "Wewe ni mgeni hapa," akaniambia. "Mpigie huyo mzungu, u-apologize. Job kama hiyo utaitoa wapi?"

"Mjomba, nakuheshimu. Lakini simpigii."

Nikaenda kitongoji cha Hopkins kuogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Nililia mara nyingi kwenye gari, sikufichi. Ila sikupiga simu, na mwishowe nikapata kazi nyingine ya ramani.

Sasa sikiliza, maana hapa watu hudhani nitajisifu. Bonde lilipokuja kupimwa, lilikuwa tambarare kweli. Bwana Dale alinipigia mwenyewe, anacheka.

"Unaona? Nilikuwa sahihi."

"Ulibahatisha," nikamjibu. "Na rubani hakujua kwamba anaruka juu ya bahati yako."

Akakata simu.

Ninyi vijana mnaonijibu kwa Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili, hili mlishike kwa lugha yoyote mnayotaka. Mtaambiwa mjaze: kwenye chati ya mgonjwa, kwenye ushahidi, hata kanisani. Usichokiona, sema hukukiona. Watakuita mkaidi, itika. Na siku aliyebahatisha akipatia, akaja kukucheka, usimwombe radhi hata siku hiyo.

Mungu akupe kauli isiyotetemeka, akufungulie riziki pale watakapokufukuza, na watoto wako wakurithi ubishi huo. Haya, nenda kazini.