Hori ya Fundi Mbwana

Siku ile naikumbuka kwa sababu ya kikaratasi, mwanangu. Kilikuwa ukurasa mmoja wa daftari, umekunjwa mara nne, nami nilikishika tangu nyumbani kwetu Chaani mpaka barazani kwa Fundi Mbwana, kikalowa jasho. Kaskazi ilikuwa imeshaingia. Ilikuwa Krismasi ya mwisho kabla ya Uhuru.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, naandika polepole lakini bila makosa, na kanisani nilipewa kuwafundisha watoto wadogo. Watoto sikuwaogopa. Watu wazima ndio walionimaliza. Mtu mzima akiniuliza neno, jibu nilikuwa nalo, ila sauti ilinikimbia. Watu walinisifu kwa hilo, wakasema binti huyu ana haya. Nami nikaamini kwamba kunyamaza ni tabia njema.

Mwaka ule Mwalimu Mwakio, mwinjilisti wetu, mzee wa Kitaita kama baba yangu, alitaka tutengeneze pango la Krismasi katika kona ya kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo na makuti. Alitueleza kwamba jambo hilo lilianzishwa zamani na mtawa mmoja wa Italia, aliyeona kuwa watu wake hawajui kusoma, akawawekea ng'ombe na punda wa kweli na majani makavu, wapate kuona kwa macho yale wasiyoweza kuyasoma.

"Na hapa Chaani wasiojua kusoma tunao," alisema. "Basi waone."

Kilichohitajika kwanza ni hori, lile sanduku la kulishia ng'ombe ambamo mtoto alilazwa. Mwalimu akaniambia nichore: sanduku wazi juu, miguu minne iliyopishana, majani ndani. Nilichora. Akanituma kwa Fundi Mbwana, jirani yetu, Mwislamu, ambaye alikuwa pia amekubaliwa kututengenezea mabenchi mapya ya kanisa.

"Mchoro huu mtie mkononi," aliniagiza. "Fundi hashibi kwa maneno."

Nilimkuta fundi ameketi juu ya gogo, tezo mkononi, na vijana wake wawili wanapiga randa mlango.

"Hodi."

"Karibu. Ndoo kivulini, mwanangu, usisimame juani kama mlingoti."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watumwa na nani?"

"Na Mwalimu Mwakio. Anataka hori. Ndogo. Ya kumlaza mtoto, kwa sikukuu yetu."

"Sema kwa nguvu, dada!" kijana mmoja alidakia. "Hapa hatuli watu, twala mbao tu!" Mwenzake akacheka mpaka randa ikamponyoka.

"Mwacheni mtoto wa watu," fundi alisema. Akanigeukia. "Hori ya kumlaza mtoto?"

"Ndiyo. Mtoto Yesu."

"Nabii Isa. Na huyo mtoto ni wa nini? Maana sanamu mimi sichongi."

"Ni wa kitambaa. Akina mama watashona."

"Basi hori nitachonga. Ya kiasi gani?"

Nikaonyesha kwa mikono, kama mkono mmoja na nusu. Alikuwa bado ana swali, nililiona usoni mwake. Lakini wale vijana walikuwa wananitazama, na mchoro wangu niliuona mbaya, miguu ya sanduku imekaa kama ya kaa. Nikaaga nikaenda zangu. Karatasi ilikuwa bado mkononi. Nyumbani niliipachika katika kitabu changu cha nyimbo nikaisahau.

Wanasema kuuliza si ujinga. Kueleza nako si ujinga, mwanangu, ingawa hilo halisemwi sana.

Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu tulikuwa kanisani, akina mama wanafagia, mimi na watoto tunafunga matawi ya mvinje. Mtoto mmoja alimwuliza Mwalimu kwa nini matawi. Akamjibu kwamba huko kwenye theluji miti karibu yote hupukutika wakati huu, ikabaki michache yenye rangi ya kijani, na watu wakaiingiza nyumbani iwe ishara ya uhai usiokatika. Sisi miti yao hatuna, tuna mvinje, nao haupukutiki. Mtoto akauliza tena kama kweli Yesu alizaliwa siku hiyo ya tarehe ishirini na tano. Mwalimu hakuzunguka.

"Siku yenyewe haijulikani. Maandiko hayaitaji. Yasemekana wazee wa kanisa kule Rumi waliichagua kwa sababu kwao ni majira ambayo jua lilikuwa likififia, sasa linaanza kurudi."

"Kwetu halififii," mama mmoja alisema, akipangusa jasho, "lingefifia kidogo tungeshukuru." Tukacheka.

Hapo ndipo Fundi Mbwana alipoingia uani, mzigo begani, vijana wake nyuma. Akautua kwa upole akalifunua gunia.

Kilikuwa chombo cha majini. Kidogo, mkono mmoja na nusu, kimechongwa katika gogo moja, ncha zote mbili zimeinuka, kimesuguliwa hadi kinateleza, kimepakwa mafuta ya nazi. Hata kikalio cha mpiga kasia alikuwa amekiweka.

"Hori yenu hii," alisema. "Nimeijaza maji tangu jana. Haivuji."

Mimi neno hori nililijua la kanisani tu. Sikujua kwamba kwa watu wa pwani hori ni hicho, mtumbwi mdogo wa kuvukia mkono wa bahari. Kicheko kikapasuka. Aliyecheka zaidi ni Bwana Stefano, karani wa bandarini na mwenyekiti wa kamati yetu.

"Yesu yuaenda kuvua?" aliuliza, akimwigiza fundi. "Mtie na ndoana basi!"

Fundi alitutazama mmoja mmoja. "Kwani nimekosea?"

Mwalimu Mwakio alinigeukia. "Mchoro ulimpa?"

Nikasema, "Nilimpa."

Neno moja tu. Lugha yetu ina uwezo huo, mwanangu, kwamba uongo mzima, mwenye kuutenda na mwenye kutendwa, unaenea ndani ya neno moja.

Fundi alinitazama. Nilijua kwamba anajua. Nikangoja aseme. Alipangusa uso kwa kofia yake, akasema polepole, "Labda ni mato yangu, hayaoni sawa. Uzee huu." Akaenda zake na vijana wake. Yule aliyenitania barazani hakuwa na utani tena.

Hakuwa amefika mbali Bwana Stefano aliposema, "Mzee asiyeona mchoro ndiye atakayetupigia mabenchi? Kesho alasiri kamati inakaa. Kazi hiyo apewe mwingine." Mtu mwingine akaongeza kwamba watu wa pwani ndivyo walivyo, wanataka Mwambao wao ujitenge, wabara wafungashe virago, na kazi yetu wanaifanya ovyo makusudi. Maneno hayo yalikuwa mengi mwaka ule, yakipita kila baraza na kila bomba la maji. Yalikuwa yanatafuta mahali pa kushika moto, nami nilikuwa nimeyapa ukuti mkavu. Mzee wa watu alikuwa anapoteza kazi aliyoahidiwa, na jina lake la ufundi, kwa ajili yangu. Bado nilinyamaza.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza siku moja. Jumapili asubuhi, tuliposimama kuimba, nilifungua kitabu changu na kikaratasi kikaanguka sakafuni, mbele ya miguu ya Mwalimu Mwakio. Aliinama akakiokota, akakikunjua, akakitazama kwa muda wa ubeti mzima. Akaendelea kuimba.

Baada ya ibada aliniita kwenye kona ya pango. Ile hori ilikuwa bado pale, imefunikwa gunia. Hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu angenipigia.

"Hori la ng'ombe lilichongwa kwa ajili ya nini?" aliniuliza.

"Kwa ajili ya majani."

"Lilichongwa kwa ajili ya mtoto?"

"La."

"Basi hata lile la kwanza halikuwa kitanda. Lilikuwa chombo cha kazi nyingine, mtu akalitoa kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Na mtu huyo Maandiko hayamtaji. Tunawataja wachungaji, tunawataja mamajusi, mwenye hori hatumjui jina. Mimi kila mwaka namfikiria." Akagusa lile gunia. "Huyu ametuchongea chombo cha kazi nyingine, nacho chaweza kumchukua mtoto. Kosa haliko katika mbao, binti yangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

Nikaanza kulia. Alingoja nimalize.

"Kuona haya si dhambi," alisema. "Lakini wewe haya yako umeifanya shuka, unajifunika wewe na kumwacha mwenzio uchi. Kamati inakaa saa tisa. Mimi sitakusemea."

Nilirudi saa tisa. Walikuwa wazee saba kwenye mkeka, na Bwana Stefano ameshaanza habari ya fundi mwingine. Nilisimama mlangoni, sauti ikafanya kama kawaida yake.

"Husikiki!" Bwana Stefano alisema.

Nikasema tena. "Mchoro sikumpa. Nilisema uongo. Fundi Mbwana hakukosea, nilimwambia hori naye akachonga hori."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa Kidigo aliyebatizwa uzeeni, aliyekaa kimya siku zote, alisema, "Na hori ni hori. Hata mimi ningechonga ile ile." Bwana Stefano alikohoa. Akasema habari ya mabenchi ibaki kama ilivyokuwa. Alipotoka nje macho yalikuwa mekundu kwa aibu, na siku ya pili yake nilisikia kwamba alikwenda mwenyewe kwa fundi. Walichozungumza sikukijua.

Mimi nilikwenda jioni ile ile, jua bado liko juu. Nilikitia kile kikaratasi mkononi mwa Fundi Mbwana, nikamwambia yote, mbele ya vijana wake. Alikitazama kwa mbali, kisha kwa karibu.

"Miguu hii ya kaa ni ya nini?"

"Ni miguu ya sanduku, baba."

"Alhamdulillahi. Ungenipa siku ile ningekuchongea kaa." Vijana wakaangua kicheko, nami pia, ingawa machozi yalikuwa hayajakauka.

Nikamwuliza kwa nini hakunikana.

"Wewe ni mtoto wa jirani. Ningesema hukunipa, ungevunjika mbele ya kaumu. Mimi nimeshavunjika mara nyingi, najua kujiunga." Akacheka. "Na mimi nina langu. Nilikuwa na swali nikalimeza. Nilijiambia, Nabii Musa mamake alimtia sandukuni akamwachia mto umchukue, huenda na Nabii Isa hawa wenzetu wasoma kwamba alitiwa horini. Kwetu sisi Bi Maryamu alishikwa na uchungu penye shina la mtende. Nikasema, kila watu na kisomo chao, mimi kazi yangu isivuje."

Basi hori ikabaki ile ile. Mwalimu Mwakio hakutaka nyingine. Tuliijaza majani makavu, tukamlaza mtoto wa kitambaa, matawi ya mvinje yakaizunguka, nyota ya bati ikaning'inia juu. Asubuhi ya Krismasi mke wa fundi, Bi Mwanasha, alimtuma mjukuu wake na chetezo kinachofuka ubani. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: sikukuu haiendi bila harufu nzuri. Mwalimu alikiweka chetezo mbele ya hori akawaambia watoto kwamba uvumba ule waliouleta mamajusi, wakimheshimu mtoto kama anavyoheshimiwa Mungu, ndio huu huu ubani wanaoujua kwa jirani zao. Watoto walinusa kwa nguvu. Nadhani hawakusahau. Mshumaa pia ulikuwapo, lakini upepo wa kaskazi uliuzima mara tatu, tukauacha.

Sikukuu ilipokwisha tulimrudishia fundi chombo chake. Hakikuwahi kuingia majini. Bi Mwanasha alikiweka uani kwake akawatilia mbuzi majani humo, na miaka niliyokaa Chaani kila nilipopita niliwaona wamekizunguka, vichwa ndani. Kikawa hori, mwanangu, kama lile la kwenye mchoro, bila miguu tu.

Mabenchi yalikuja kabla ya Pasaka. Hayakuyumba.

Ninayokuambia si mengi. Utapamba matawi, utawasha mishumaa, utatundika nyota, na ni vema. Lakini jua kila kitu kilitoka wapi na kinasema nini, maana alama usiyoijua ni kama mtumbwi kanisani, watu watakuchekea au utawachekea wengine. Ukitumwa neno, lifikishe lote. Ukikosa, sema umekosa kabla mwingine hajakubebea, maana jina la mtu likimwagika ni maji, halizoleki. Haya uwe nayo, ila isikuzuie kusema kweli. Na Krismasi ikifika, kabla hujala, mfikirie mwenye hori, yule asiyetajwa. Huenda ni jirani yako, tena wa dini nyingine.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mzito wa kusingizia. Akupe jirani wa kukusitiri, nawe akujalie usimhitaji mara nyingi. Na chombo chako, kiwe cha bara au cha majini, kisivuje. Amina.